Dakika moja ya kutaja wanyama: itumikeje kwa wazee wetu wa Malindi kutambua Alzheimer mapema?

Muuguzi wa Malindi (mleta mada)

Masalkheri wanajukwaa. Mimi ni muuguzi hapa Malindi, na kazi yangu kubwa ni wazee wa presha na sukari. Tangu mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba na mashine ya presha na kipimo cha sukari mkobani, na sasa baadhi yao wanauliza: je, tunaweza pia kumpima mzee anayesahausahau? Nasema ndiyo, tena tumechelewa. Ila nina masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu.

Kipimo chenyewe hakina bei. Unamwambia mzee, "Nitajie wanyama wote unaowajua, wa aina yoyote, mpaka nikwambie basi." Unaangalia saa, unaandika anavyotaja, dakika moja inaisha. Wataalamu wana namna ya pili pia: badala ya kundi kama wanyama, wanampa mtu herufi, ataje maneno yanayoanza nayo. Kwa nje namna hizi mbili zinafanana, ila ndani ya kichwa hazipiti njia moja. Herufi inategemea zaidi sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inayosaka na kupanga. Kundi linahitaji msako huohuo, halafu linahitaji na ghala la maana lenyewe: punda ni nani, anafuatana na nani, anakaa wapi. Ghala hilo liko zaidi pembeni mwa ubongo, usawa wa masikio, jirani na hipokampasi inayoweka kumbukumbu mpya, na eneo hilo ndilo Alzheimer, ugonjwa unaoharibu ubongo polepole na kuleta usahaulifu, hulishambulia mapema. Kwa hiyo mgonjwa wa mwanzomwanzo anaweza kupambana na herufi vizuri tu, na wanyama wakamwishia haraka.

Dalili hii si ya juzi. Mwaka 1901, kule Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alimhoji mama wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Alikuwa anakula koliflawa na nyama ya nguruwe. Alipoulizwa anakula nini, akajibu spinachi. Liangalieni jibu hilo. Hakutaja kiti wala kiatu. Alibaki kwenye mboga, ila mboga yenyewe ilikuwa imempotea. Mama huyo alifariki mwaka 1906, ubongo wake ukachunguzwa, na mwaka uleule Alzheimer akaueleza ugonjwa wake mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen.

Miaka mingi baadaye, kusini-magharibi mwa Ufaransa, utafiti uitwao PAQUID uliwafuata wazee kwa muda mrefu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliokuja kupata Alzheimer walianza kuachwa nyuma na wenzao kwenye kutaja maneno ya makundi (wanyama, matunda, rangi, miji) kama miaka 12 kabla ya ugonjwa kuthibitishwa. Miaka 12! Wakati huo mtu bado anaendesha duka lake. Hilo lilionekana kwa kulinganisha watu wengi, si kwa kumtazama mtu mmoja, lakini linaonyesha jinsi ugonjwa unavyoanza kimyakimya.

Na mjini Toronto, Kanada, utafiti wa mwaka 2004 uliweka mpaka wa kumshuku mtu: chini ya wanyama 15 kwa dakika. Mpaka huo uliwanasa wagonjwa 88 katika kila 100, na ukawaacha salama wazima 96 katika kila 100. Mkisoma hivyo mtasema basi, kazi imekwisha, tuchukue 15 tuingie nayo mitaani. Hapo ndipo ninapowaomba tusimame. Wale ni watu wa Kanada. Bibi wa Kakuyuni aliyeshika jembe tangu utotoni, hakuingia skuli hata siku moja, na hajawahi kuketi mbele ya mtu mwenye kalamu anayemtaka aorodheshe vitu, hawezi kuhukumiwa kwa mpaka wa Toronto.

Jambo jingine, msihesabu tu. Sikilizeni. Mzee mzima hutaja kwa mafungu: ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, fungu likikauka anaruka: fisi, chui, nyani, kisha papa, kasa, pomboo. Mtafiti Angela Troyer na wenzake walilieleza hilo mwaka 1997, na tangu hapo watafiti wanahesabu ukubwa wa fungu na idadi ya miruko. Mgonjwa wa Alzheimer mafungu yake husinyaa, na hurudia aliyemtaja sekunde ishirini zilizopita bila habari. Lakini hata humo mna mtego. Kwenye kanuni zile za Troyer, "wanyama wa Afrika" ni fungu moja. Kwa mtu wa kando ya mto Sabaki, kiboko ni adui wa shamba, mamba ni hofu ya mtoni, na tembo huenda hajamwona ila kwenye picha. Kuwatia wote kapu moja ni kumpima kwa ramani ya mtu mwingine.

Kwa hiyo naomba michango. Kwa wazee wetu tutumie kundi gani? Na nani apimwe, maana hapa kwetu jina la ugonjwa wa akili lina gharama?

Mwana wa Shela

Asante sana dada. (Shela ya hapa Malindi nasema, si ya Lamu.) Babangu ni mvuvi, sasa hashuki tena baharini. Skuli hakusoma, ni chuo cha Qur'ani tu. Nimesoma mada yako nikamwendea barazani, nikamwomba anitajie wanyama. Alianza ng'ombe, mbuzi, punda, paka, akakaa kimya, akaniuliza "wa nini?" Hakufika hata kumi. Moyo wangu ulishtuka, kusema kweli.

Baadaye nikamwambia, "Haya baba, samaki." Wallahi sikuweza kuandika kwa kasi yake: changu, tewa, kolekole, nguru, tafi, pono, mkizi, taa, papa, jodari, songoro, dagaa, ngisi, pweza, halafu akaanza kunifunza yupi ni wa kaskazi na yupi ni wa kusi mpaka dakika ikapita naye yuaendelea. Sasa niambie, huyu yuaumwa au mzima?

Muuguzi wa Malindi (mleta mada)

Mwana wa Shela, umeleta jambo lenyewe. Ureno walifanya utafiti, ukachapishwa mwaka 2004, wakilinganisha wasiojua kusoma na waliosoma. Kwenye wanyama, waliosoma waliwashinda. Kwenye vitu vya dukani, vya kununua kila siku, tofauti ikatoweka. Watu walewale, ubongo uleule. Swali ndilo lililobadilika. Orodha ya wanyama kumbe imebeba skuli ndani yake: vitabu vya picha, zoo, mtihani wa sayansi. Babako hakukosa maneno. Aliulizwa kwenye ulimwengu ambao si wake.

Lakini nikuombe usikimbilie furaha pia. Mtu aliyeishi na samaki miaka hamsini anayo orodha iliyoshika mizizi sana, na mizizi hiyo inaweza kuuficha ugonjwa kwa muda. Fundi wa jambo huchelewa kuonekana ameshuka kwenye jambo lake. Ndiyo maana mimi ningempa makundi mawili: moja la kazi yake, moja la kila mtu, kama vyakula au vitu vya nyumbani. Na ningetazama alivyo mwaka huu na alivyokuwa mwaka jana, kuliko kumlinganisha na mtu asiyemjua.

Tena nikuulize wewe unayeishi naye: anarudia swali? Anapotea njia anayoijua? Pesa zake anazihesabu mwenyewe? Majibu ya hayo yana uzito kuliko idadi yoyote ya wanyama.

Mwana wa Shela

Hapotei. Pesa hata mie hanipi nimshikie. Nimeshusha pumzi.

Mwanafunzi wa Saikolojia, Kilifi

Naomba niongeze kuhusu herufi, maana nimesoma kidogo. Kipimo cha kumbukumbu na akili kiitwacho MoCA, kilichochapishwa mwaka 2005 na kinachotumika nchi nyingi, kina herufi F: mtu akitaja maneno 11 au zaidi kwa dakika anapata alama moja. Kwa Kiingereza F ni herufi ya kawaida. Jaribuni wenyewe kwa Kiswahili: fisi, fimbo, fagio, figo, fedha, faida, fenesi, filimbi, fungu… mtaona mnavyoanza kukwama, na ninyi mnaandika kwenye mtandao kila siku. Ukigeuza ukampa M au K, unampa nusu ya kamusi, kwa sababu ya ngeli zetu: mtu, mti, mkono, mgeni, kiti, kisu, kikombe, na vitenzi vyote vyenye ku-. Hapo hata mgonjwa anaweza kufaulu.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Asiyejua kusoma hana sababu ya kulikata neno kwenye sauti yake ya kwanza. Ujuzi huo huja na kusoma. Kumpa mzee asiyesoma jaribio la herufi ni kupima skuli yake, si ubongo wake. Kwa mtazamo wangu herufi iachiwe daktari, kwa mtu aliyesoma, pale anapotaka kutenganisha Alzheimer na magonjwa mengine, maana dimenshia (yaani kuharibika kwa kumbukumbu na akili, Alzheimer ikiwa aina yake mojawapo) inayotokana na mishipa ya damu au ya Parkinson huweza kuivuta chini herufi pia.

Mkaazi wa Magarini

Nimewasoma nyote kwa heshima, na mimi napinga wahudumu kufanya kipimo hiki majumbani.

Dada muuguzi ameandika kwamba hapa kwetu jina lina gharama, akapita. Mimi sitapita. Kaunti hii ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wamekatwa mapanga, wamechomewa nyumba. Wengine wamekimbia vijiji vyao wakapata hifadhi Kaya Godoma kule Ganze. Kila anayeishi huku anajua nini kiko nyuma ya visa vingi: shamba. Mzee ana ekari, vijana wanataka kuuza, mvi zinageuzwa kosa. Sasa mfikirie mzee ambaye kweli ubongo unaanza kuharibika. Anatoka usiku akizunguka uani kwa jirani. Anaongea peke yake. Anamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Kijijini mtu akimwona hivyo hasemi ni ugonjwa.

Halafu anakuja kijana na begi la afya, anamkalisha mzee huyo chini ya mwembe mbele ya wakaza wana na majirani, anamuuliza wanyama, mzee anashindwa, kijana anaandika kwenye simu. Jioni kijiji kizima kinajua kwamba mzee fulani "amepimwa akili". Wanaotaka shamba wamepata walichokitafuta. Watasema hana akili za kumiliki, au watasema lile jingine. Mnijibu kwa hilo kwanza.

Mama wa Kisumu Ndogo

Maneno mazito haya. Ni kweli tupu.

Muuguzi wa Malindi (mleta mada)

Ndugu wa Magarini, nashukuru hukupita. Wala sitakujibu kana kwamba umetia chumvi, kwa sababu hukutia.

Kwanza tuhesabu pamoja, kwa mfano tu. Kule wilaya ya Hai, Tanzania, utafiti uliofanywa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi uliona dimenshia kwa asilimia 6.4. Tuseme na sisi tuna wazee elfu moja wa umri huo, na wagonjwa ni 64. Tuseme kipimo kinawanasa tisa katika kumi: tumewapata 58. Lakini wazima ni 936. Kipimo kikikosea kwa mmoja tu katika kumi, tumewatia doa watu 94 wasio na kitu. Kikikosea kwa watatu katika kumi, jambo ambalo ni rahisi kutokea ukitumia mpaka wa kigeni kwa watu wasiosoma, ni 281. Hapo kwa kila mgonjwa mmoja tuliyempata, wazima karibu watano wamebebeshwa jina. Marekani penyewe, jopo lao la taifa la kinga lilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kushauri kumpima kila mzee asiye na malalamiko. Kwa hiyo sharti langu la kwanza: asipimwe mtu kwa sababu ya umri wake tu. Apimwe yule ambaye mwenyewe au wa nyumbani kwake amelalamika kwamba kuna kitu kimebadilika.

La pili, isifanywe chini ya mwembe. Ifanywe chumbani au zahanati, mzee na mtu mmoja ambaye mzee mwenyewe anamwamini. Matokeo asipewe kaka, mpwa wala mzee wa mtaa. Neno "dimenshia" asilitamke mhudumu hata kidogo. Hiyo si kazi yake. Akiona pana shaka aseme, "Mzee, nataka daktari akuangalie zaidi," akaandike rufaa, ikaishia hapo.

Lakini nikuombe nawe uupindue upande wa pili. Yule mzee anayezunguka uani usiku anaandamwa leo, kabla hata ya kipimo kufika. Kinachomwacha uchi ni kwamba watu hawana maelezo mengine ya anayoyafanya. Mimi nimeona mtoto wa kiume akilia alipoelezwa kwamba babake hakuwa anamchukia, ni ugonjwa. Familia ikilijua hilo, ndiyo inayosimama mlangoni majirani wakija na maneno. Ningependa kuona wazee wa kaya (wazee wa mila wa Mijikenda), maimamu na wachungaji wakielezwa kuhusu ugonjwa huu kabla ya mhudumu yeyote kufundishwa kutaja wanyama. Mpangilio huo ukigeuzwa, nitakuwa upande wako.

Mkaazi wa Magarini

Ukianza na wazee wa kaya na viongozi wa dini, nitakuwa nawe. Ukianza na begi, hapana.

Jirani wa Hai

Habari za Malindi. Nimefurahi kuona wilaya yetu imetajwa, maana hapa Kilimanjaro kuna jambo ambalo linaweza kuwasaidia. Kipimo kiitwacho IDEA kilitengenezwa hapa Hai, kwa ajili ya wazee wa Afrika ambao wengi hawakusoma, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2015 hivi. Wanyama kwa dakika moja wamo ndani yake, lakini hawako peke yao. Mzee anaambiwa maneno kumi, baadaye anaulizwa anayakumbuka mangapi. Anaulizwa leo ni siku gani. Anaulizwa kiongozi wa eneo lake ni nani. Anaulizwa daraja ni kitu gani. Mwisho anaonyeshwa umbo la njiti za kiberiti, naye alipange.

Njiti za kiberiti! Hakuna kalamu. Vipimo vingi vya nje vinamtaka mtu achore saa au mchemraba, na mzee ambaye hajawahi kushika kalamu mkono unamtetemeka kwa aibu kabla ya ubongo kupimwa. Njiti kila mtu amezishika.

Ninachotaka kusema ni kwamba wanyama peke yao hawatoshi, na waliokitengeneza walijua. Mtu anaweza kukwama hapo kwa aibu, kwa usingizi, kwa njaa. Akikwama pia kwenye yale maneno kumi na hata siku hajui, hapo pana sababu ya kumfuatilia.

Muuguzi wa Malindi (mleta mada)

Jirani, Mungu akubariki. Kikiwa kimejaribiwa kwa wakulima wa Kilimanjaro, wanaosema Kiswahili na kilugha chao, kiko karibu nasi mara mia kuliko cha Toronto. Bado mtu wa pwani atahitaji mpaka wake, ila pa kuanzia pamepatikana.

Na kuhusu lugha: mzee wa Kigiriama aachwe ataje kwa Kigiriama, mzee wa Kibajuni kwa Kibajuni, na akichanganya na Kiswahili au Kiarabu hesabu ni moja. Anayepima awe anaielewa lugha hiyo, vinginevyo atakosa kujua kilichorudiwa. Mnyama yuleyule akitajwa kwa lugha mbili huhesabiwa mara moja.

Mama wa Kisumu Ndogo

Nami nitoe langu. Mamangu, baada ya baba kufariki, alinyamaza. Ukimuuliza kitu anakujibu "sijui". Chungu kinaungua yeye kaketi. Tulishasema basi, akili imekwenda. Hospitalini walimtazama kwa upole sana, wakakuta masikio yamezibika na kusikia kumeshuka, presha iko juu, na juu ya yote ile huzuni haikuwa imetoka. Mtu asiyesikia swali atajibu nini? Alitibiwa, akapata na mtu wa kuzungumza naye. Leo anawatuma wajukuu dukani na chenji anaidai.

Muuguzi wa Malindi (mleta mada)

Dada, hili naomba kila mtu alisome mara mbili. Mzee akitaja wanyama wachache, Alzheimer ni moja tu ya sababu. Sonona hupunguza maneno. Tezi ya shingoni ikilegea hupunguza. Upungufu wa vitamini B12, VVU isiyotibiwa, sukari iliyoshuka, damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, dawa za usingizi, hata zile dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi. Na mzee aliyekuwa mzima wiki iliyopita, leo ghafla hajui alipo, huyo si wa kutaja wanyama. Huyo ni wa hospitali leoleo; huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, malaria au kiharusi. Alzheimer haiji kwa usiku mmoja.

Kijana wa Maweni

Kuna programu za simu zinazosikiliza mtu akiongea na kusema kama ana Alzheimer. Kwa nini tusitumie hizo tuepuke mambo ya mhudumu kukosea?

Muuguzi wa Malindi (mleta mada)

Zinafanyiwa utafiti, ndiyo, na zinapima hata urefu wa ukimya kati ya neno na neno. Lakini nyingi zimefunzwa kwa sauti za Kiingereza. Kompyuta ambayo haijawahi kumsikia bibi wa Mambrui akisema haiwezi kujua kimya chake ni cha ugonjwa au ni cha adabu mbele ya mgeni.

Mpita Njia wa Watamu

Swali langu ni gumu kidogo, mnisamehe. Dawa ya kuponya haipo. Kumjua mzee ni mgonjwa kunamsaidia nini, zaidi ya kumtia huzuni? Si bora tumwache na uzee wake?

Muuguzi wa Malindi (mleta mada)

Si swali la kuombea msamaha. Kuponya hakupo, kweli. Kuna donepezil, imetumika tangu mwaka 1996, na wenzake wachache. Huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, haiusimamishi ugonjwa. Kuna dawa mpya za sindano kama lecanemab, iliyopata kibali kamili Marekani mwaka 2023, zinazopunguza mwendo wa ugonjwa kidogo kwa walio mwanzoni, nazo zinahitaji picha za ubongo za mara kwa mara na gharama ambayo sitaki kuwatamanisha watu nayo.

Lakini faida ya kujua mapema naiona kila siku. Mzee bado ana fahamu ya kuandika wasia wake, kusema shamba ni la nani, hati iwekwe wapi, nani amshikie namba ya siri ya pesa za kwenye simu kabla tapeli hajampigia. Mvuvi anaambiwa asishuke peke yake. Jiko la mkaa linahamishwa. Anayependa kutembea anapewa mtu wa kutembea naye, na wenye bodaboda wa mtaa wanaambiwa wakimkuta mbali wamrudishe. Mkwe anaacha kugombana naye kuhusu chakula alichosahau kwamba amekula. Na yale mengine tunayoyaweza, presha, sukari, masikio, mtoto wa jicho, sigara, upweke, tunayashika kwa nguvu. Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja sababu 14 za aina hiyo, ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa zikishughulikiwa. Nyingi kati ya hizo zinawezekana hapa hapa Malindi, kwa mashine ile ile iliyo mkobani mwa mhudumu.

Kumwacha na uzee wake ni sawa kama ni uzee. Kusahau jina la mtu ukalikumbuka jioni ni uzee. Kumsahau mtu mwenyewe si uzee.

Mpita Njia wa Watamu

Nimekuelewa. Basi niseme ukweli, ni mama. Anauliza jambo hilohilo mchana kutwa, na wiki iliyopita alipotea akitoka sokoni, njia ya miaka yote. Nimpime mwenyewe nyumbani kwanza au nimlete?

Muuguzi wa Malindi (mleta mada)

Pole sana ndugu yangu. Usimpime. Akishindwa mbele ya mtoto wake atavunjika moyo, na ukimzoesha maswali, daktari atapata majibu ya kukariri. Kupotea njia anayoijua kunatosha kumleta, tena wiki hii.

Mpeleke kliniki ya karibu yako, na ikiwa Malindi ndiko karibu, njooni asubuhi wakati hajachoka. Awe amekunywa chai. Mvalishe miwani yake, na kama ana kifaa cha masikio kiwe kinafanya kazi. Beba dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja, za duka na za mitishamba, usiache hata moja kwa kuona aibu. Andika kwenye karatasi lini ulianza kuona mabadiliko, nini kilianza, na kama amewahi kuanguka akagonga kichwa. Aje na yule anayelala naye nyumba moja, maana huyo ndiye anayejua usiku wake. Mwambie mnaenda kuangalia presha na kichwa, usimdanganye kwamba ni safari nyingine. Na wewe uketi pembeni yake, si mbele yake, wakati anaulizwa. Akikutazama umjibie, mwachie ajibu mwenyewe.